Kukata na kung'arisha vito Tanga: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Karakana yetu ipo Ngamiani, jijini Tanga. Wanaobisha hodi ni wa aina tatu: mchimbaji aliyeteremka kutoka Umba na mawe mfukoni, sonara anayetafuta kito cha pete ya mteja wake, na mtu wa kawaida aliyeachiwa jiwe na marehemu baba. Maswali yao yanafanana sana. Nimeyaandika majibu kama ninavyoyatoa nikiwa kwenye mashine, ili anayetoka Lushoto au Pangani ajue mambo kabla hajalipa nauli.

Nimeleta jiwe la zaidi ya gramu moja, nimerudishiwa kitu kidogo kama punje ya hindi. Lililobaki liko wapi?

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalovunja urafiki. Mtu akiona uzito umepungua, moyo unamwambia fundi kaiba. Simlaumu, kwa kuwa wizi upo katika kazi hii kama ulivyo katika kazi nyingine. Lakini mara nyingi jiwe halikuibiwa, limeliwa na sahani ya kusagia inayozunguka kwenye mashine.

Mzee mmoja wa Daluni aliniletea ganeti ya rangi ya machungwa, gramu 1.2, yaani karati 6, kwa kuwa gramu moja ni karati 5. Nilimwekea kiti akae. Kwanza nikatoa kipande cha pembeni chenye ufa, zikabaki karati 4.4. Kile kipande nikakitia kwenye kimfuko, nikampa. Nikashepu jiwe liwe la duaradufu, zikabaki 2.5. Nikakata nyuso, yaani bapa ndogondogo za jiwe, za chini na za juu, nikang'arisha, likatoka jiwe safi la karati 1.7, urefu milimita 8 na upana 6. Halafu nikamwinamishia beseni lililo chini ya mashine aone tope lililotulia: kijivu chenye wekundu kwa mbali. Akachovya kidole, akalisugua kati ya vidole viwili. "Kwa hiyo ndilo hili," akasema.

Jiwe ghafi lililo zuri kwa kawaida hutoa kati ya humusi (moja ya tano) na theluthi ya uzito wake. Ukipata theluthi, shukuru Mungu. Likiwa na nyufa nyingi, hata humusi hufiki. Kwa hiyo hapa kwetu jiwe linapimwa mbele yako, uzito unaandikwa daftarini, na unalipiga picha kwa simu yako mwenyewe. Vipande vinavyokatika ni vyako. Fundi yeyote asiyetaka kupima mbele yako, ondoka na jiwe lako.

Basi kwa nini usilikate kwa kina kidogo, upana ubaki mkubwa?

Kwa sababu litakuwa na dirisha. Chukua kito chochote ulicho nacho, kilaze juu ya gazeti, ukitazame moja kwa moja kutoka juu. Ukisoma herufi katikati yake, hapo ndipo mwanga unapotorokea. Kito kilichokatwa vizuri hakikuonyeshi gazeti. Kinakurudishia mwanga wako mwenyewe, ukiwa umevaa rangi ya jiwe.

Kila jiwe lina kiwango chake cha kupinda mwanga. Katika kwatzi, na amethisti ni kwatzi, mwanga unaogonga ukuta wa chini kwa pembe pungufu ya digrii 41 hivi hupenya ukapotea. Ukizidi hapo, unarudi. Kwa safaya na rubi mpaka huo uko karibu na 34.5. Ndiyo maana kwatzi naikata chini kwa digrii 43, na safaya kama 40 au 41. Nikishuka chini ya mpaka ili nikuokolee uzito, nimekuuzia kipande cha kioo chenye rangi. Kwenda kina kupita kiasi nako kuna hasara yake: katikati panakuwa peusi na jiwe linazama sana ndani ya pete.

Wapo wanunuzi wanaolipa kwa karati bila kujali dirisha, na wapo mafundi wanaowafuata. Mimi nakataa. Jiwe lililokatwa vibaya huletwa kukatwa upya, na hapo uzito uliong'ang'aniwa mwanzoni unakwenda pamoja na gharama ya pili.

Mawe ya mkoa wetu ni yapi hasa?

Bonde la Umba ndilo jina letu kubwa. Mto wenyewe unaanzia milima ya Usambara, unavuka kwenda Kenya na kumwagika baharini Vanga. Tangu miaka ya 1960 bonde hilo linajulikana kwa safaya za rangi usizozikuta kwingine kwa urahisi: za machungwa, kijani cha moshi, zambarau iliyofifia, kahawia ya dhahabu, na nyingine zenye rangi mbili katika jiwe moja. Zipo rubi, zipo tumalini, na zipo ganeti za kila namna. Kalalani, huko Korogwe, nako wachimbaji wadogo wanapata mawe ya ukoo huohuo.

Ganeti ndiyo inayostahili maneno zaidi. Walipoanza kuitafuta rodolaiti, ganeti ya zambarau na waridi, walikutana na nyingine yenye rangi kati ya waridi na machungwa. Wanunuzi waliikataa kwa kuwa haikufanana na waliyoitaka. Kwa kukosa ukoo ikapachikwa jina malaya, na kwa jina hilo inauzwa mpaka leo katika maduka ya Ulaya na Marekani, kwa watu wasiojua neno lina maana gani. Leo inathaminiwa kweli. Mimi jina hilo silitamki mbele ya wateja. Naiita ganeti ya Umba, na sonara wote ninaofanya nao kazi wananielewa.

Ipo pia ganeti inayogeuka rangi: mchana kijani inayokaribia buluu, usiku nyekundu ya zambarau. Ukitaka kuihakiki usitumie balbu nyeupe za siku hizi, nyingi hazionyeshi mgeuko huo vizuri. Washa mshumaa au kibatari, halafu toka nalo kivulini nje.

Mnalifanyaje jiwe tangu linapoingia mpaka linapong'aa?

Kazi kubwa inafanyika kabla mashine haijawashwa. Jiwe ghafi lina ngozi iliyokwaruzika na haionyeshi ndani. Nalilowesha maji, au nalizamisha katika mafuta ya watoto, nalimulika tochi kutoka pembeni, nalizungusha taratibu. Natafuta nyufa, vumbi la ndani, na mahali rangi ilipolala. Safaya za Umba mara nyingi zina rangi upande mmoja tu kama rangi iliyomwagikia kona ya kitambaa. Ukiiacha rangi hiyo ubavuni, kito kitakuwa na madoa. Ukiipeleka chini kabisa kwenye ncha, ukitazama kutoka juu inasambaa jiwe zima. Nimewahi kukaa siku tatu na safaya moja bila kuigusa na sahani, kila asubuhi naitazama kwenye mwanga wa dirishani. Mwenye jiwe alipiga simu kuuliza itakwisha lini. Nikamwambia bado tunazungumza nayo, na nilimaanisha hivyo.

Kuna suala la mwelekeo pia. Tumalini nyingi ni nyeusi ukizitazama kwa urefu wa fuwele lake na zina rangi nzuri ukizitazama ubavuni, kwa hiyo uso mkubwa wa juu, tunaouita tebo, lazima ukae ubavuni. Tanzanaiti inatoa buluu upande mmoja, zambarau upande mwingine. Ganeti haina masharti hayo, ni rangi ileile kokote uigeuzapo, na ndiyo maana nampa mwanafunzi ganeti kabla ya tanzanaiti.

Baada ya kuamua, nashepu umbo la jumla kwa mkono. Halafu nalibandika jiwe kwenye kijiti cha shaba kiitwacho dopu, kwa lakiri iliyoyeyushwa juu ya taa ya spiriti. Jiwe lazima lipashwe moto kidogo nalo. Lakiri ikikutana na jiwe baridi inashika kwa uongo na jiwe litaruka katikati ya kazi. Kwa mawe yasiyopenda joto natumia gundi.

Dopu inaingia kwenye mkono wa mashine wenye kipimo cha digrii na gia yenye meno 96. Kwa jiwe la mviringo la kawaida nyuso kuu za chini ni 8, hivyo naruka meno 12 kila uso: 96, 12, 24, mpaka nimalize duara. Nikijumlisha zote, 24 za chini na 33 za juu pamoja na tebo, zinakuwa 57. Naanza na sahani ya almasi namba 260 au 600 kwa kukata, nafuata 1200, kisha 3000; namba ikipanda, chembe ni laini zaidi. Chini ikikamilika nalihamishia jiwe kwenye dopu nyingine, nalishika kwa tumbo, nakata juu.

Kung'arisha ndiko kunakotenganisha mafundi. Kwatzi naipa unga wa seriamu oksaidi. Ganeti nyingi zinakubali aluminiamu oksaidi laini ya maikroni 0.3. Safaya na rubi hazitaki mchezo, zinahitaji unga wa almasi namba 50,000 juu ya sahani ya shaba au bati, na bado kuna uso utakaong'aa dakika moja na mwenzake utakaokataa nusu saa, kwa sababu ugumu wa safaya unatofautiana kwa upande. Sikio linasaidia. Uso ukiwa bado na mikwaruzo, sahani inakoroma. Ukikaribia kukubali, sauti inakuwa laini kama kisu kinachopita kwenye siagi.

Chembe moja ya namba 260 ikiangukia sahani ya kung'arishia, siku imeharibika. Kila nikibadili sahani nanawa mikono mpaka kwenye viwiko, napangusa beseni, nabadili kitambaa. Msimu wa kusi nafunga dirisha la upande wa barabara hata joto likizidi, kwa kuwa upepo unaingia na mchanga.

Mnakata tanzanaiti?

Tunakata, ingawa jiwe si la huku. Linatoka Mererani, mkoani Manyara, mahali pekee duniani linapochimbwa kibiashara, na limejulikana tangu 1967. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7, katika kipimo ambacho almasi ni 10, na lina mkondo mmoja ambao likigongwa au kushtushwa na joto linapasuka kama ukuni ulionyooka.

Hilo nililijua kwa kitabu kabla ya kulijua kwa machozi. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na tanzanaiti ya mteja, karibu kwisha, nyuso za chini zimeng'aa zote. Nikaitoa kwenye lakiri ya moto nikaiweka juu ya bati lililokuwa na maji ya baridi. Ilitoa mlio mdogo, tiki, kama ukucha ukivunjika. Ilikuwa vipande viwili. Nilimlipa mama yule kwa miezi saba. Tangu siku hiyo tanzanaiti kwangu ni gundi tu, haionjeshwi moto wala haiwekwi karibu na feni.

Je, mnalichoma jiwe ili rangi ipande?

Karibu tanzanaiti zote zinazouzwa zimepashwa moto, kiasi cha digrii 500 za sentigredi na zaidi kidogo, na ukahawia unaondoka unabaki buluu na zambarau. Rangi hiyo haififii. Sisi hatuchomi hapa, tunampelekea mwenye tanuri. Safaya zinahitaji joto kubwa zaidi sana, zaidi ya digrii 1,500 kwa kawaida, na safaya za Umba hazitabiriki motoni. Ushauri wangu ni mmoja: ukiuza jiwe lililochomwa, sema limechomwa.

Nitajuaje kama yakuti ya pete ya bibi ni ya kweli?

Usiikwaruze na kioo, usiichome, usiipumulie. Kioo kinakwaruzwa na mawe mengi, pamoja na ya bandia.

Watu wa pwani wengi wana pete za dhahabu za zamani zenye jiwe jekundu, na familia inaamini ni yakuti, yaani rubi, iliyotoka ardhini. Mara nyingi ninapotazama kwa lenzi naona mistari iliyopinda kama ya santuri. Hiyo ni rubi iliyotengenezwa na binadamu kwa njia ya Mfaransa Auguste Verneuil, aliyeitangaza mwaka 1902. Ni rubi kwa asili yake ya kikemia, ugumu wake ni 9 uleule, lakini haikuchimbwa. Rubi ya ardhini mistari yake ya rangi imenyooka na inakutana kwa pembe. Ukiona viputo vya mviringo, huenda ni kioo.

Ganeti nyekundu nayo inauzwa kama rubi. Kuna kifaa kidogo cha kutazamia ambacho huonyesha rubi kwa rangi mbili kando kwa kando, na ganeti kwa rangi moja. Kinaingia mfukoni na kila broka, yaani dalali wa mawe, angekuwa nacho tungeona ugomvi mchache zaidi. Jiwe la thamani kubwa lipeleke maabara, kama ile ya Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichoko Arusha.

Na bibi usimwambie kwa pupa. Pete aliyovikwa siku ya ndoa yake haikupungua kitu.

Kabochoni ni nini?

Ni jiwe lililokatwa kama kibyongo laini, bila nyuso. Tunalitumia kwa mawe yasiyopitisha mwanga vizuri, akiki na feruzi kwa mfano, na kwa yale yenye nyota au mstari wa mwanga unaotembea, kwani ukiyakata nyuso nyota inapotea. Linachukua muda mfupi na linabakiza uzito zaidi. Rubi ya Umba yenye ukungu ndani, mara nyingi ndiyo njia yake nzuri kuliko zote.

Mimi ni sonara. Niwe mwangalifu na nini nikiweka kito?

Kitoe kito kabla ya kuchomelea, hata kama kucha moja tu inayokishika ndiyo imevunjika. Najua safaya inavumilia moto, lakini boraksi yenye joto inakula uso wake na kuuacha kama uliopigwa na mvua ya mawe. Tanzanaiti usiisogeze kabisa kwenye moto, wala usiitie kwenye mashine ya kusafishia kwa mtikisiko.

Kwa pete ya kila siku chagua jiwe gumu kuliko vumbi. Vumbi la barabarani lina chembe za kwatzi, ugumu 7, na kila unapopangusa pete kavukavu unaikwaruza. Safaya 9 na spineli 8 hazina hofu. Ganeti inavumilia. Tanzanaiti mwekee mteja kwenye hereni au kidani, au kwenye pete yenye ukingo wa dhahabu unaozunguka kito chote. Na tafadhali nipe kipimo cha nafasi kwa milimita kabla sijakata. Kupunguza kiuno cha jiwe lililokwisha kung'arishwa ni kazi upya.

Kito nakisafishaje nyumbani?

Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kawaida, mswaki laini, hasa upande wa chini ambako mafuta ya ngozi hukusanyika. Basi.

Kazi inachukua muda gani, na mnatoza kwa karati au kwa jiwe?

Ganeti moja ya kawaida ni saa tatu hadi tano. Safaya inaweza kula siku nzima. Umeme ukikatika tunasubiri, maana uso ulioachwa nusu ukirudiwa kwa haraka unapishana na wenzake. Tunatoza kwa jiwe kwa mawe madogo na kwa karati zilizotoka kwa makubwa, na bei tunakubaliana kabla. Jiwe likiwa halifai kukatwa nakwambia papo hapo, na kutazama ni bure.

Vumbi la kazi hii lina madhara?

Ndiyo, na nalisema kwa msisitizo kwa vijana wanaosaga kwatzi kavu uani wakiwa wamejifunga leso puani. Vumbi la silika likiingia mapafuni halitoki. Linaleta silikosisi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya. Maji lazima yadondoke kwenye sahani wakati wote, barakoa iwe ile ya kuzuia vumbi jembamba, na tope lisiachwe likauke sakafuni likafagiliwa. Pangusa likiwa bichi.

Nataka kujifunza. Nianzie wapi?

Ukiweza kufika Arusha, Kituo cha Jemolojia Tanzania kinafundisha ukataji na utambuzi wa madini ya vito. Usipoweza, tafuta fundi akukubali, na ukubali kuosha sahani kwanza. Anza na kwatzi nyeupe: ni rahisi kupatikana na ukiharibu hulii. Kata jiwe moja la mviringo la nyuso 57 mara ishirini, kwa digrii 43 chini, mpaka ncha zote zikutane mahali pamoja. Halafu ndipo tuzungumze kuhusu ganeti.

Natamani sana vijana wa Mkinga na Korogwe wajifunze. Mawe yanaondoka kwao yakiwa ghafi, kwa gramu, na yanakatwa Jaipur na Bangkok.

Nimepata jiwe porini. Naweza kulileta tu?

Kulitambua nitakusaidia. Kulinunua au kulikata kwa ajili ya kuuza ni jambo la sheria: kuchimba kunahitaji leseni, na kununua na kuuza kunahitaji leseni ya broka au ya dila (mfanyabiashara wa madini). Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019 yapo kwa ajili hiyo, na ofisi ya Afisa Madini Mkazi hapa Tanga itakueleza taratibu. Nenda kabla hujakutana na mtu anayekupa bei ya haraka njiani.

Naruhusiwa kukaa nikitazama jiwe langu likikatwa?

Unaruhusiwa, na napendelea. Njoo asubuhi, mwanga wa dirisha la mashariki ukiwa mzuri. Kiti kiko upande wa kushoto wa mashine, mbali kidogo na maji yanayoruka. Kila nikimaliza uso nitainua mkono wa mashine, nilipanguse jiwe kwa kidole gumba na kukupa lenzi utazame mwenyewe.